Mstari Usio na Jina

Jumatatu, 3 Mei 1999

Nimeanza kazi! Sijui hata kama ni kazi. Bwana Walubengo anaiita "kujifunza". Chai ipo, nauli ipo, basi.

Ofisi ni ya mradi wa dawa za kifua kikuu. Iko ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani, karibu na soko la Kibuye. Chumba kimoja, kompyuta tatu, printa moja, na stoo ya dawa kwa nyuma. Makarani wa zahanati za Otonglo, Mamboleo na kwingine huja na kadi za wagonjwa wao, wanaketi, wanaingiza majina kwenye kompyuta. Kila mwezi printa inatoa lebo, kila mgonjwa na yake. Mama Nekoye wa stoo anafunga pakiti kwa kufuata lebo. Hakuna lebo, hakuna dawa. Alinieleza hivyo mara mbili, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

Programu inayoshika majina yote hayo haikununuliwa. Bwana Walubengo, ambaye ndiye mkubwa wetu, anasema imeandikwa na watu wa ng'ambo wanaojitolea. Wameiweka kwenye intaneti. Yeyote anaichukua bure, na hata ukitaka kuifungua uone ilivyoandikwa ndani, ruhusa. Nilidhani ananitania. Nani anaandika kitu kikubwa namna hiyo halafu anakigawa?

Lakini ina makosa. Inaganda. Inaruka mistari. Kazi yangu ni kukaa kwenye meza ya karibu na mlango na kupokea malalamiko ya wanaoitumia. Mimi! Ambaye kidato cha nne kizima sikuinua mkono darasani!

Maagizo ya Bwana Walubengo: mtu akija na hasira, mpe kiti kwanza. Usiseme neno kabla hajaketi. Mtu aliyeketi hapigi kelele sana, anasema.

Mama alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Ati watu wakugombeze, wewe uwajibu nini, na mimi mwenyewe humu ndani sikusikii?

Jumanne, 4 Mei

Amekuja Lornah, karani wa Mamboleo. Kucha nyekundu, marashi, sauti ya kanisani. Hakubisha.

"Wewe ndiye mpya? Hii takataka yenu imekula wagonjwa wangu!"

Nikamsukumia kiti. Akakitazama, akanitazama mimi.

"Kiti cha nini? Nimekuambia nimechoka?"

Bwana Walubengo hakuniambia kuna watu wasioketi.

Wagonjwa wake hawakuliwa. Walikuwa ukurasa wa pili, programu inaonyesha kidogo kidogo tu. Nilijua! Nilikuwa nimeona asubuhi. Lakini nilipomaliza kuipanga sentensi kichwani, alikuwa ameshashuka ngazi.

Jumatano, 5 Mei

Programu iliganda mara tatu. Watu wote walinigeukia kwa pamoja, kama mimi ndiye niliyeigandisha.

Mtu mmoja tu hakunigombeza. Mzee Dalmas, karani wa Otonglo. Mrefu, mpole, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye mfuko. Skrini ikikwama anaweka mikono mapajani na kusubiri kama mtu aliye msibani. Ikirudi anasema, "Ero kamano," anaishukuru! Anaishukuru kompyuta! Lornah akamwambia, "Mzee, si ushike na mkono wake kabisa umsalimie." Watu wakacheka. Yeye pia alicheka.

Kwangu alisema, kama kwa mwanawe, "Nyathina Perez, umekula?" Basi. Hilo ndilo lalamiko lake.

Ijumaa, 7 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Bwana Walubengo aliniambia nisafishe. Kuna mistari mibovu kwenye orodha, alisema, watu wanaacha nafasi wazi. Yeye alishatoa amri: jina la kitambulisho, la kwanza na la pili. Hataki tena "Mama Ouma", maana walikuwepo Mama Ouma watatu, na watatu hao walipewa dawa za mmoja. Asiye na jina afutwe.

Nikatafuta. Kulikuwa na mmoja tu asiye na jina. Mwanamke, Otonglo, tarehe ya kuanza dawa ipo, sehemu ya jina nyeupe. Mama Nekoye alikuwa amekwisha kulalamika juu yake: mwezi uliopita printa ilitoa lebo tupu, akaitupa. Nikabonyeza kitufe cha kufuta. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

Ikafuta watu wote.

Wote! Otonglo, Mamboleo, wote! Skrini ikawa nyeupe, na juu yake maneno madogo ya kijani kwamba kazi imefanikiwa. Imefanikiwa! Nilikaa. Nilifikiri ni ile habari ya ukurasa wa pili. Hakukuwa na ukurasa wa pili.

Nilishindwa kuita. Nilisimama tu nyuma ya kiti cha Bwana Walubengo mpaka akahisi mtu. Alipoona, alivua miwani, akaivaa, akaivua. Akatoa disketi ya akiba kwenye droo. Ilitoa mlio kama mtu anayesaga meno. Haikusomeka.

Hakunipiga kelele. Ingekuwa afadhali.

Lornah ndiye aliyepiga kelele. "Mmeajiri mtoto afute wagonjwa? Kadi zote upya? Yawa! Mimi sirudii hata moja!" Akakaa chini, bila kupewa kiti, akaanza kurudia.

Lebo za mwezi huu zinatoka tarehe 21. Wagonjwa wote lazima wawe wamerudi ndani kabla ya hapo.

Jumamosi, 8 Mei

Sijatoka nyumbani. Nimemwambia Mama kichwa kinauma.

Nilibonyeza mmoja. Nina hakika nilibonyeza mmoja!

Jumatatu, 10 Mei

Nilitaka nisiende. Nimekwenda.

Makarani wote wapo, mabega yamegusana, kadi zimepangwa kama karata. Hakuna anayenisalimia isipokuwa Mzee Dalmas. Lornah anatangaza kila anapomaliza kadi: "Huyu amefufuka. Na huyu amefufuka. Perez, njoo uone kazi ya Bwana!"

Bwana Walubengo ameniambia niwaandikie wenye programu. Imeili inaenda asubuhi kupitia simu, modemu ikikubali. Niliandika kwa Kiingereza cha insha: Mpendwa Bwana, natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Nikaeleza kila kitu, wagonjwa, lebo, disketi. Nikamwomba radhi kwa kumsumbua. Nikamaliza kwa wako mtiifu. Kurasa mbili.

Jumanne, 11 Mei

Jibu limekuja! Mistari miwili. Ati programu ni ya bure na haina dhamana, kama sijaridhika nirudishiwe pesa yangu. Halafu alama ya mtu anayecheka, imetengenezwa kwa nukta na mabano.

Nilisoma mara nyingi. Sikujua mtu anaweza kucheka kwenye barua kama hiyo. Nilikuwa nimemwandikia habari za wagonjwa!

Bwana Walubengo alisema usikasirike, huyo ni kijana mmoja chumbani kwake, watu wa dunia nzima wanamgombeza kila siku na hakuna anayemlipa. Huyo naye anakaa mezani kama wewe. Mpe kiti, alisema.

Sasa mtu wa ng'ambo nampaje kiti?

Nimeandika tena. Fupi safari hii. Nimesema: Asante kwa kazi yako. Nilifuta mmoja, wakafutika wote. Huyo mmoja alikuwa hana jina. Je, hilo linakusaidia?

Jumatano, 12 Mei

Karibu nipige mayowe ofisini.

Nilikuwa napitia orodha mpya, ya watu walioingizwa tena kwa jasho la wiki hii. Nikamkuta. Mwanamke. Otonglo. Tarehe ile ile ya kuanza dawa. Jina, nyeupe.

Amerudi! Nilijitenga na kompyuta kama nimeona nyoka. Nikaficha mikono nyuma ili kidole kisije kikagusa kitu.

Kwa hiyo si programu iliyopoteza jina. Kuna mtu anamwingiza hivyo. Kwa makusudi. Mara mbili.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 13 Mei

Jibu la kijana wa ng'ambo. Hakucheka. Lilikuwa refu, lina hata samahani.

Anasema amejaribu kwake, na kwake pia wote wamefutika. Programu inamtambua mtu kwa jina. Ukisema mfute fulani, inatafuta fulani. Ukisema mfute na usiseme nani, inatoa amri nusu: futa. Na mashine inafuta yote yaliyo mbele yake. Anasema ni kosa lake, na limekuwemo tangu mwanzo. Hakuna aliyewahi kuligundua, kwa sababu, na hapa ameandika kwa herufi kubwa, NANI DUNIANI ANAMSAJILI MTU BILA JINA?

Atatuma toleo jipya wiki ijayo.

Kwa hiyo si mimi! Nilitaka kucheza. Nilimwonyesha Bwana Walubengo, akasoma, akanipiga bega. Kisha uso wake ukabadilika. "Sasa huyo anayeacha nafasi wazi, nitamjua. Nimesema mara ngapi? Karibu atumalizie mradi. Nikimjua, haingii tena ofisi hii."

Furaha yangu ikaishia hapo. Otonglo ina karani mmoja tu.

Ijumaa, 14 Mei

Nimemwona kwa macho yangu.

Mzee Dalmas alikuwa anaingiza wagonjwa wake wa mwisho. Kadi zake ziko kwenye bahasha. Zikaisha. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa kadi moja kutoka mfuko wa shati. Haikuwa na zile nyingine, ilikuwa peke yake, imekunjwa ndani ya kitambaa safi. Hakuiweka mezani. Aliishika mkononi na kuangalia tu mstari wa mgonjwa asiye na jina, kama anahakikisha bado yupo. Akaikunja tena. Akairudisha mfukoni.

Alipogeuka, tulitazamana.

Alijua kwamba nimeona. Mimi nikainama nikatafuta kalamu ambayo nilikuwa nayo mkononi.

Jumapili, 16 Mei

Kanisani nilimwombea mtu ambaye simjui jina. Nilifika pale pa kumtaja nikakwama.

Baada ya ibada wanawake walikuwa wakimsema msichana wa jirani aliyeandikiwa dawa za kifua. Wanasema kifua ni jina tu, ni ule ugonjwa, wanajua walivyomwona akikonda. Ana miaka kama yangu. Zamani alikuwa akiimba sauti ya kwanza. Sasa hakuna anayekaa benchi lake. Mimi pia nilikaa mbali! Nilifanya hivyo bila kufikiri, nimekuja kugundua nikiwa nyumbani.

Jumanne, 18 Mei

Toleo jipya limefika jana. Bwana Walubengo amelipakia. Halifuti watu wote tena. Limefanyiwa dawa kali zaidi: halikubali mtu asiye na jina. Lazima jina la kwanza, lazima la pili. Aliyekuwa hana jina ametolewa kwenye orodha, anasubiri kusajiliwa upya.

"Makosa yamekwisha," alisema Bwana Walubengo, akanunua mandazi. Wote walikula. Lornah akasema kwa mara ya kwanza naonekana mtu.

Mzee Dalmas hakula. Alikaa mbele ya skrini na kiboksi chekundu kikimwambia aandike jina. Akajaribu nukta. Ikakataa. Akajaribu kistari. Ikakataa. Shingo yake ilikuwa imelowa.

"Mzee, umesahau kusoma?" Lornah akauliza. "Jina tu! Unaandika jina, unabonyeza, unaenda nyumbani!"

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nikachukua kiti changu, nikakipeleka pale alipo, nikaketi kando yake. Nikaongea polepole sana. "Mzee, nikuandikie mimi?"

Akazima skrini. Akaniambia tutoke nje tupate hewa.

Kwenye ngazi aliketi kwanza. Kisha akaniuliza kama nina mchumba. Nilishtuka! Nikasema hapana, Mzee, hapana!

"Siku moja utaolewa," alisema. "Huyo atakayekuoa hatamwita mama yako kwa jina. Hata nyumba ikishika moto na mama yako yumo ndani, atapiga kelele, lakini jina hatalitaja. Umenielewa?"

Nikaelewa. Ni maro wake. Mama wa mke wake ndiye mgonjwa.

Yote aliyaeleza kwa maneno machache, akiwa ananiangalia viatu. Mama huyo alilazwa, akapata nafuu, akaruhusiwa na dawa za kumtosha kwa muda. Sasa yuko chini ya Otonglo, na karani wa Otonglo ni mkwe wake. Mkwe hakai naye benchi moja, hamshiki mkono, na sasa anatakiwa aandike jina lake, tena jina na ugonjwa mstari mmoja. Mke wake angekuja kuliandika, lakini amejifungua juzi, hatoki. Na kumwambia Lornah? "Lornah jioni hiyo hiyo Mamboleo nzima ingejua mama yetu ana kifua. Wangesema ni ule mwingine."

Nilimwambia kwamba Bwana Walubengo anamtafuta aliyeacha nafasi wazi.

"Najua," alisema.

"Na mama, dawa zake zinaisha lini?"

"Jumapili."

Mama Nekoye alishatuambia wote: mtu akiacha katikati, kifua kinarudi na dawa hizi hazikiwezi tena. Lebo zinatoka Ijumaa. Pakiti zinaenda Jumatatu.

"Nipe kadi yake, Mzee. Nitaandika mimi, wewe utakuwa umetoka nje."

Alinitazama. Kisha akasema ataileta Ijumaa, maana leo hakuibeba. Lakini mimi nilikuwa naiona kona yake mfukoni.

Alhamisi, 20 Mei

Mvua. Stima ilipotea mchana, ikarudi. Bwana Walubengo ameuliza tena mbele ya wote ni nani wa mstari mtupu. Mama Nekoye akasema, Bwana, yameisha hayo, tule chakula. Akasema hayajaisha.

Nilikuwa nimeangalia meza. Kama angeniuliza mimi kwa jina, sijui ningesema nini.

Ijumaa, 21 Mei

Naandika hapa hapa mezani. Wanadhani ni malalamiko. Siwezi kusubiri jioni.

Mzee Dalmas alikuja na ile kadi. Akaiweka mezani kwangu, uso chini. Akatoka. Nikasubiri viatu vyake vifike chini ya ngazi, ndipo nikaigeuza.

Jina: MAMA. Kijiji: OTONGLO. Umri: MZEE.

Basi! Hakuna kingine! Niliigeuza nyuma, niliigeuza mbele. Kumbe hata hospitali ni yeye aliyempeleka, ni yeye aliyeulizwa. Jina halijaandikwa mahali popote duniani!

Nikakimbia chini. Alikuwa amesimama kwenye duka la fundi, ameugeukia ukuta.

"Mzee, kadi haina jina."

"Najua." Hakugeuka. "Nimemleta. Muulize mwenyewe."

Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la mtengeneza viatu, alikuwa ameketi mama mmoja mzee, kitambaa cha bluu kichwani, mkoba magotini. Wamekuja kwa gari moja, alisema, yeye mbele kwa dereva, mama nyuma kabisa.

Nikavuka. Nikainama nikamwamkia. Akanishika mkono na hakuuachia.

"Nyar ng'a?" Akitaka kujua mimi ni binti wa nani.

Nikamtajia baba, nikamtajia kwao baba, nikamtajia na kwao mama. Ndipo akaridhika. Nikamweleza habari ya mashine, kwamba bila jina la kitambulisho haitoi lebo. Nikamwambia Mzee Dalmas ameshindwa kulisema.

"Hata hospitali hakulisema?"

"Hakulisema, mama. Aliandika 'Mama' tu."

Akajipiga paja. Akacheka, kikohozi kikamshika, akacheka ndani ya kikohozi. "Huyo kijana! Wakwe wa wenzangu wanawaita kama mbuzi siku hizi. Wangu? Hata daktari amemnyima!" Alikuwa na furaha kabisa. Mimi pia nikacheka. Nikatoa kalamu.

Akaiangalia.

"Na hiyo pakiti ikifika Otonglo, nani anasoma jina?"

Sikutaka kujibu. "Ni yeye, mama. Yeye ndiye anayeita watu, Jumatatu, mlangoni."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Mbele ya watu, aniite mimi jina, nije nipokee mkononi mwake?"

Nikaiteremsha kalamu.

"Basi usiandike. Sitaki."

Hivyo tu! Nikamwambia dawa zinaisha Jumapili. Akasema zikiisha zimeisha. Nikamwambia atakufa! Nilimwambia mtu mzima hivyo, barabarani, kwa sauti, mpaka mtengeneza viatu akaacha nyundo. Nikajifunika mdomo. Nilidhani atanipiga.

Hakukasirika. Aliendelea tu kunishika mkono.

"Na wewe, wanakuitaje?"

"Perez Awuor."

"Dalmas analiita hilo?"

"Kila siku, mama. Mimi ni kama mtoto wake."

"Basi niandike hilo. Lipo, ni jina la kitambulisho, mashine yenu itashiba. Yeye ataliita bila aibu, na mimi nitainuka." Akaniachia mkono. "Au ni zito kwako?"

Nikasema nitarudi sasa hivi. Nikavuka barabara bila kuangalia magari. Mzee Dalmas alinyanyua uso nilipompita, sikuweza kusimama.

Sasa niko hapa. Programu imefunguka vizuri, haijaganda hata kidogo. Leo ningependa igande.

Orodha ya mwisho inachapishwa na kubandikwa mlangoni mwa stoo ili kila karani ahakiki watu wake. Perez Awuor, mwanamke, kifua kikuu. Lornah husoma kwa sauti. Hakuna Perez Awuor mwingine hapa. Mama anauza nguo Kibuye, dakika tano kutoka ngazi hizi, habari itamfikia kabla sijafika. Jumapili nitakaa benchi gani? Na nikiulizwa siwezi kusema si mimi, maana wataniuliza ni nani basi.

Na amri ya Bwana Walubengo, jina la kitambulisho. Ni jina la kitambulisho. Kitambulisho changu.

Nimwambie yeye yote? Mzee Dalmas hataingia tena humu. Na mama wa watu atajua kwamba ameongelewa ofisini.

Pale dirishani naona kitambaa cha bluu. Hajasogea. Hatazami juu.

Mama Nekoye anapakia karatasi kwenye printa. Ameuliza kama Otonglo wamekamilika. Bwana Walubengo anasema nasubiriwa mimi tu, Perez, umalize hiyo.

Kijiji, nimeandika. Tarehe ya kuanza dawa, nimeandika. Jina la kwanza: Perez. Jina la pili, kiboksi ni chekundu.

Viatu vya Lornah. Ananijia. "Haya mtoto, huyo wa mwisho wa Otonglo ni nani?"

Kidole kiko kwenye A.